Haki za mnyama: Kazi yetu tumemwachia nani?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote, aliyewaumba wanyama akawatiisha chini yetu bila ya sisi kuwa na nguvu ya kuwashinda. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu, pamoja na ahali zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa somo la Maarifa ya Uislamu hapa Dodoma. Siku moja tulipokuwa darasani tukisoma juu ya sifa za muumini, tulifika kwenye Hadithi mashuhuri ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono akauliza: “Ustadhi, kama dini yetu inasema hivi, mbona kazi ya kutetea wanyama tunaiona kwa Wazungu tu?”

Wenzake walicheka, lakini swali lile halikuwa la kuchekesha. Nililijibu kwa kadiri muda wa kipindi ulivyoruhusu. Leo nimeona nilijibu kwa urefu zaidi, kwa sababu naamini si swali la kijana yule peke yake, na kwa sababu jibu lake linatuhusu sisi watu wazima, hasa sisi tunaoishi mijini.

Punda wa mji wetu

Mgeni anayekuja Dodoma siku hizi ataona barabara mpya, majengo ya wizara na mitaa inayoongezeka kila mwaka tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016. Lakini nyuma ya majengo hayo yupo mfanyakazi ambaye hatajwi katika hotuba ya mtu yeyote. Huyo ni punda. Katika nchi hii kame ya uwanda wa kati, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka na visima viko mbalimbali, punda ndiye anayemtua mama ndoo kichwani. Ndiye anayetoa mahindi shambani, ndiye anayeleta kuni na mkaa, na pembezoni mwa mji ndiye anayevuta mkokoteni wa mchanga, matofali na madumu ya maji kuelekea kwenye nyumba zetu tunazojenga.

Sasa tazama hali yake. Mgongo una kidonda cha zamani juu ya kidonda kipya, kwa sababu kamba imemlalia ngozi bila ya shogi wala gunia la kuzuia. Mashavu yana alama za chuma cha moto. Kwato zimekuwa ndefu mpaka zimepinda. Mzigo aliofungiwa ungewashinda wawili, na anapokwama kwenye mchanga anapigwa kwa fimbo, tena mara nyingi palepale penye kidonda, kwa sababu anayempiga ameshajua kwamba hapo ndipo anapoumia zaidi.

Na yako mambo yanayonisikitisha zaidi ya hayo. Siku ya Ijumaa, nje ya misikiti yetu, utakuta mkokoteni umeegeshwa juani na punda bado amefungwa nira, mzigo haujashushwa, na hakuna hata kopo la maji mbele yake. Mwenyewe yuko ndani anasikiliza khutba. Sisi nasi tunapita pembeni ya mnyama yule, tunavua viatu, tunaingia kumwomba Allah (s.w.) aturehemu.

Ndugu zangu, hebu tuyaweke mandhari hayo mbele ya mafundisho ya dini yetu.

Mafundisho tuliyopewa

Katika Suratul An'aam, aya ya 38, Allah (s.w.) anatujulisha kwamba wanyama wanaotembea juu ya ardhi na ndege wanaoruka kwa mbawa zao ni umma mfano wetu sisi, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Katika Suratun Nahl, aya ya 5 mpaka ya 8, anatukumbusha neema ya wanyama wanaobeba mizigo yetu mpaka miji tusiyoweza kuifikia ila kwa mashaka ya nafsi, kisha anawataja kwa majina farasi, nyumbu na punda. Kwa hiyo punda tunayemtukana barabarani ametajwa na Mola wake katika orodha ya neema.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipanda punda. Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Muslim kwamba Muadh bin Jabal (r.a.) alikuwa amepanda nyuma ya Mtume (s.a.w.) juu ya punda, na katika mapokezi mengine punda huyo ametajwa kwa jina lake, Ufair. Hapo, juu ya mgongo wa punda, ndipo Muadh alipofundishwa haki ya Allah juu ya waja Wake na haki ya waja kwa Allah. Somo kubwa kabisa la Tawhiid lilitolewa juu ya mgongo wa mnyama ambaye sisi tumemfanya jina lake kuwa tusi.

Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimpita punda aliyepigwa chapa ya moto usoni, akamlaani aliyefanya kitendo kile. Fikiria vizuri ndugu yangu. Yeye ni Mtume aliyetumwa kuwa rehema, ambaye mara ngapi aliwaombea msamaha waliompiga mawe, lakini mtu aliyemchoma punda usoni alimlaani.

Abu Daud naye amepokea habari ya ngamia aliyemwona Mtume (s.a.w.) katika bustani ya mtu mmoja wa Ansari, akalia na machozi yakamtoka. Mtume (s.a.w.) akampangusa mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe, akamkumbusha kumcha Allah katika mnyama ambaye Allah amemmilikisha, na akamjulisha kwamba mnyama yule ameshitaki kuwa anashindishwa njaa na kuchoshwa kwa kazi. Tazama yaliyoshitakiwa. Ni njaa na kazi nyingi kupita kiasi. Ndiyo hayohayo mashitaka ya punda wa leo.

Tena, katika Sunan hiyohiyo ya Abu Daud, Anas bin Malik (r.a.) anasimulia kwamba wao maswahaba walipokuwa safarini, wakifika mahali pa kutua, hawakuwa wakianza kuswali mpaka kwanza wawe wamewatua wanyama mizigo. Maulamaa wameeleza kwamba swala inayokusudiwa hapo ni ile ya sunna. Hata hivyo funzo lake liko wazi. Watu wale walioipenda swala kuliko sisi waliona kwamba mzigo ulio mgongoni mwa mnyama ushuke kwanza. Na sisi tunamwacha mnyama na mzigo wake nje ya msikiti mpaka imam atoe salamu!

Haki inayosimamiwa na hukumu

Baadhi yetu huyasikia haya tukadhani ni mawaidha mazuri tu, kwamba mtu akiyafuata amefanya wema na asipoyafuata hakuna neno. Sivyo, na hapa ndipo pana jambo ambalo Waislamu wengi wa mjini hatulijui.

Sisi wa ukanda huu wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu vya pwani mpaka bara, mlango wa matumizi ya lazima haukuishia kwa mke, watoto na wazazi. Unamtaja pia mnyama. Mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hukumu inamlazimisha. Ikiwa ni mnyama anayeliwa, atachagua kumlisha, kumuuza au kumchinja. Ikiwa ni asiyeliwa, kama punda, atamlisha au atamuuza. Wala haijuzu kukamua maziwa mpaka mtoto wa mnyama akadhurika.

Imam Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), katika kitabu chake juu ya hukumu za utawala wa Kiislamu, anaeleza kazi za muhtasibu, yule ofisa wa serikali aliyekuwa akizunguka sokoni kuamrisha mema na kukataza mabaya. Pamoja na kukagua mizani na vipimo, muhtasibu alikuwa na wajibu wa kuwazuia wenye wanyama wasiwatumikishe kupita uwezo wao. Khalifa Umar bin Abdul Aziz (r.a.), aliyetawala kuanzia mwaka 99 mpaka 101 Hijria, imepokewa kwamba aliandika barua kupiga marufuku lijamu nzito na fimbo zenye ncha ya chuma, na akamwandikia ofisa wake wa Misri kuweka kikomo cha mzigo wa ngamia.

Baadaye Sheikh Izzuddin bin Abdis Salaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), aliziorodhesha haki za mnyama juu ya binadamu. Miongoni mwake ni kumlisha hata akizeeka au kuugua na kuwa hana manufaa tena, kutombebesha asichokiweza, kutomweka pamoja na mnyama atakayemdhuru, na kutomchinja mtoto mbele ya mama yake. Wanahistoria wametaja pia wakfu wa malisho uliokuwepo Damascus kwa ajili ya wanyama wazee walioachwa na wenyewe.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa kijana wangu ni hili. Kazi hii ilikuwa na ofisa wake, hukumu yake na wakfu wake katika miji ya Kiislamu kwa karne nyingi. Hatukuikosa. Tuliiacha.

Vyama vilivyoanza Ulaya

Sasa tuwaangalie hao walioichukua. Uadilifu unatutaka tuseme ukweli hata kwa wasiokuwa wa dini yetu.

Uingereza ya miaka mia mbili iliyopita ilikuwa nchi ya ukatili mkubwa kwa wanyama. Mwaka 1822 mbunge mmoja aitwaye Richard Martin alifaulu kupitisha sheria ya kuwalinda ng'ombe, farasi, punda na kondoo dhidi ya mateso. Alichekwa sana bungeni na magazetini. Inasimuliwa kwamba katika moja ya kesi za mwanzo, dhidi ya mchuuzi aliyempiga punda wake, Martin aliamua kumleta punda mwenyewe mahakamani ili hakimu ayaone majeraha.

Lakini sheria bila ya watu wa kuisimamia hubaki kuwa karatasi. Tarehe 16 Juni 1824, watu wachache walikutana katika mkahawa mmoja wa London, wakaunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ambacho leo kinajulikana kwa ufupi kama RSPCA. Kiongozi wao alikuwa padri Arthur Broome. Alikuwepo Lewis Gompertz, ambaye ni Myahudi. Alikuwepo pia William Wilberforce, mbunge yuleyule aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Kazi ya kwanza ya chama ilikuwa kuajiri wakaguzi wa kwenda sokoni na machinjioni. Yaani, ndugu msomaji, walimwajiri muhtasibu! Fedha zikawa tabu, na mwaka 1826 Padri Broome akafungwa jela kwa madeni ya chama. Hawakukata tamaa. Mwaka 1866 chama cha mfano huo kikaundwa New York, na mwaka 1910 kikaundwa Nairobi, ambacho leo ni KSPCA.

Kipo kisa kingine kilichotokea katika mji wa Kiislamu. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, jeshi la Uingereza liliuza maelfu ya farasi wake huko Misri. Mama mmoja wa Kiingereza, Dorothy Brooke, alifika Cairo mwaka 1930 akawakuta farasi hao wakiwa wazee, wakivuta mikokoteni wakiwa mifupa mitupu. Akachangisha fedha, akawanunua ili wapumzike, na mwaka 1934 akafungua hospitali ya kuwatibu bure wanyama wa maskini wa Cairo. Ndiyo asili ya shirika la Brooke ambalo leo lina kazi zake Afrika Mashariki. Mwaka 1969 huko Uingereza mama mwingine, Elisabeth Svendsen, alianzisha shirika la Donkey Sanctuary kwa ajili ya punda peke yao.

Hapa Tanzania vipo vyama kama TSPCA, TAWESO ya Dar es Salaam na ASPA ya Arusha, na hapa kwetu Dodoma INADES-Formation Tanzania imeshiriki katika kazi ya kuwafundisha wafugaji ustawi wa punda. Sheria nayo ipo. Bunge letu lilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa mnyama na kutambua haki tano ambazo wataalamu wa mambo haya huzitaja. Nazo ni mnyama asipate njaa na kiu, asikae katika mateso ya makazi mabaya, asiachwe na maumivu na maradhi, asiishi katika hofu, na aachwe aishi kwa maumbile yake. Zilinganishe na orodha ya Sheikh Izzuddin uone zilivyokaribiana, pamoja na kwamba baina yao ni zaidi ya miaka mia saba.

Biashara ya ngozi na somo la Khaybar

Pengine mtu atasema kwamba haya ni mambo ya anasa. Basi na tukumbuke yaliyotokea hapahapa.

Miaka michache iliyopita mahitaji ya ngozi ya punda yaliongezeka sana nchini China, kwa sababu ngozi hiyo huchemshwa ikatoa gundi ya kutengenezea dawa yao ya asili iitwayo ejiao. Punda wa China wakapungua, wanunuzi wakageukia Afrika, bara lenye takriban theluthi mbili ya punda wote wa dunia. Machinjio ya punda yakafunguliwa Kenya na hapa Tanzania, mojawapo Shinyanga na jingine hapa Dodoma. Bei ya punda ikapanda mpaka maskini hakuweza tena kununua mwingine. Wezi nao hawakukaa. Kote Kenya na Tanzania zikasikika habari za watu walioamka asubuhi wakakuta punda wao hayupo, au wakakuta mzoga uliochunwa porini. Na punda hazai kama mbuzi. Hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo wanaochinjwa kwa mamia hawawezi kufidiwa.

Nani alipata hasara? Ni yule mama wa kijijini Chamwino, Bahi au Kongwa, aliyerudi kubeba ndoo kichwani, na binti yake aliyekosa masomo kwa kwenda kisimani.

Nani alisimama kusema? Mwaka 2017 Donkey Sanctuary walitoa ripoti juu ya biashara ile. Vyama vya hapa vikapiga kelele pamoja na wafugaji wenyewe. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2022 serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku uchinjaji wa punda. Desemba 2022 mkutano wa Afrika juu ya punda ulifanyika Dar es Salaam, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, waliafikiana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Na sisi Waislamu? Wengi wetu tulisema kwamba punda ni haramu kuliwa, basi habari za machinjio hayo hazituhusu. Lakini hebu turudi kwenye chanzo cha uharamu wenyewe. Punda wa kufugwa aliharamishwa katika vita vya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria. Katika Bukhari, Anas (r.a.) anasimulia kwamba mtu alimjia Mtume (s.a.w.) mara kadhaa akimweleza kwamba punda wanaliwa, mpaka akasema kwamba punda wamemalizwa. Ndipo ikatangazwa kwamba nyama yake imekatazwa, na kwamba ni uchafu. Na Ibn Abbas (r.a.), katika Bukhari hiyohiyo, alipolizungumzia katazo lile alitaja uwezekano kwamba Mtume (s.a.w.) alichukia watu kumaliza wanyama wanaowabebea mizigo yao.

Subhanallah! Zaidi ya miaka 1,300 kabla ya uamuzi wa Addis Ababa, mwanafunzi wa Mtume (s.a.w.) aliiona hatari ileile, kwamba umma unaweza kuchinja mgongo unaoubeba. Tulikuwa na hoja mkononi, na hoja yetu ilikuwa ya kale kuliko ya chama chochote, lakini mimbari zilinyamaza.

Udhuru tunaoutoa

Nimezungumza na ndugu mbalimbali juu ya jambo hili na nimesikia udhuru wa aina tatu.

Kwanza, wapo wanaosema kwamba vyama hivi vinajali wanyama kuliko watu. Mimi nasema tutazame kazi yenyewe. Anayemtibu punda wa maskini amemsaidia maskini, kwa sababu punda akifa familia ile imefungiwa mlango wa riziki. Na ikiwa ndani ya vyama hivyo yapo mawazo tusiyoyakubali, basi tuchukue lililo sawa na dini yetu na tuliache lisilo sawa. Mtume (s.a.w.) aliusifu mkataba wa Hilful Fudhul uliofungwa Makka kabla ya Uislamu kwa ajili ya kumsaidia aliyedhulumiwa, na akasema kwamba lau angeitwa kwenye mfano wake katika Uislamu angeitika.

Pili, wapo wanaosema kwamba mwendesha mkokoteni ni maskini, tusimbebeshe masharti. Ni kweli kwamba wengi wa vijana wale punda si wao, na jioni mwenye mkokoteni anasubiri hesabu yake. Lakini kumfungua punda nira wakati wa swala hakugharimu shilingi. Kuweka gunia kuukuu chini ya kamba hakugharimu kitu. Kutompiga penye kidonda hakugharimu kitu. Na mwenye mkokoteni anayepanga hesabu kubwa kuliko nguvu za punda na kijana wake ajue kwamba anawadhulumu wote wawili.

Tatu, na huu ndio udhuru wetu sisi watu wa mjini, tunasema kwamba sisi hatuna punda. Ndugu yangu, nani anayeagiza mchanga? Nani anayempigia simu muuza maji? Kijana akitaja bei ya tripu mbili tunamwambia aongeze mzigo tumalizane kwa tripu moja. Tukiona mkokoteni umekwama mbele ya nyumba tunamhimiza aharakishe, hatuendi kusukuma. Fimbo iko mkononi mwa kijana, lakini bei tuliyoilazimisha sisi ndiyo inayoiinua fimbo ile. Siku mnyama atakaposhitaki, kama alivyoshitaki yule ngamia, tusidhani kwamba atamtaja mmoja tu.

Tufanye nini?

Nayapendekeza mambo machache ambayo yako ndani ya uwezo wetu, hapa Dodoma na kwingineko.

La kwanza ni kwa kamati za misikiti. Kila msikiti ulio karibu na soko au barabara ya mikokoteni utenge mahali penye kivuli, pawe na birika la maji la wanyama kando ya lile la udhu, na atangaze imam kabla ya khutba kwamba mwenye mnyama nje akamshushie mzigo kwanza. Birika la saruji halishindi uwezo wa msikiti wowote. Na tunayo bishara ya yule aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, pale maswahaba walipouliza kama wana ujira hata kwa wanyama, na Mtume (s.a.w.) akawajibu kwamba upo ujira katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai. Mwenye kutaka kumwekea mzazi wake sadaka yenye kuendelea, basi mlango ni huu.

La pili ni kwa walimu wa madrasa na wa shule. Tusiishie kwenye kisa cha paka. Tuwafundishe watoto hukumu ya matumizi ya mnyama kama tunavyowafundisha hukumu za udhu. Wengi wa watoto wale ndio watakaoshika hatamu kesho.

La tatu ni kuwatumia wataalamu tulionao. Uwanda huu una chuo cha mifugo cha LITA, kampasi ya Mpwapwa, na kila halmashauri ina maofisa mifugo. Wawaalike Waislamu maofisa hao, na vyama nilivyovitaja, waje baada ya swala ya Alasiri kuwaonyesha vijana namna ya kufunga nira isiyochubua, namna ya kukata kwato na kutibu kidonda. Kuomba elimu ya dawa kwa asiyekuwa Mwislamu hakumpunguzii mtu imani.

La nne linatuhusu katika Idi na akika. Mbuzi anayenunuliwa mnadani Msalato akafungwa miguu minne na kuning'inizwa nyuma ya pikipiki, kichwa kikigonga chini mpaka mjini, huyo ndiye tunayetaka kujikurubishia kwa Allah (s.w.). Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah ameuandika wema juu ya kila kitu, hata katika kuchinja, tunoe kisu na tumpumzishe mnyama. Wema huo unaanza mnadani, hauanzi kwenye kisu.

La tano ni la kila mmoja wetu. Ukiagiza mzigo, lipa tripu mbili. Mwambie kijana kwa upole, “Mdogo wangu, punguza, mimi nitaongeza fedha.” Ukifanya hivyo umeamrisha mema kwa mali yako, na huo ni uhisba ambao hauhitaji barua ya uteuzi.

Kwa kumalizia, ndugu msomaji, sisemi kwamba vyama vile viondoke. Nasema tusiviachie peke yao kazi ambayo sisi tuliusiwa na Mtume wetu (s.a.w.) kabla havijaundwa. Ijumaa hii inayokuja, tutakapofika msikitini na kumkuta punda amesimama juani na mzigo wake, tusimpite. Tumtafute mwenyewe tusaidiane naye kuushusha, kisha tuingie tukaswali.

Tunamwomba Allah (s.w.) atupe nyoyo zenye huruma, azisamehe dhulma tulizozitenda kwa wasioweza kusema, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia maneno wakayafuata yaliyo mazuri zaidi. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.